KITENGE SI SATINI: JINSI YA KUCHORA PATENI YA BLAUZI YA SHINGO YA KULEGEA

Je, msomaji, umewahi kuitazama kwa makini blauzi ambayo shingo yake haikukazwa bali imeachwa ianguke kifuani kwa mikunjo laini, mmoja juu ya mwingine? Bila shaka umeiona kanisani au arusini. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliiona kwa karibu zaidi mwaka uliopita, tena kwa machozi, kwani mimi ninayeandika makala haya ndimi niliyekata vibaya yadi 6 za kitenge kilichonunuliwa kwa michango yenu. Waliokuwa katika kundi la shairi wanayajua hayo. Wa kidato cha kwanza hawayajui, na nimesikia wakiambiwa ati kitenge kilikuwa kibovu. Hakikuwa kibovu. Makosa yalikuwa yangu, na leo nataka kueleza kinaganaga yalikuwa makosa gani, ili atakayepewa kazi hiyo baada yangu asiyarudie yaleyale.

Mambo yalikuwa hivi. Tulikuwa wasichana 12 wa kukariri shairi katika tamasha la muziki. Tuliamua kwamba hatutavaa sare ya shule kama mwaka wa nyuma, bali blauzi za kitenge zenye shingo ya kulegea. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, nami jioni humsaidia jirani yetu Mama Fundi kushona pindo na kutia vifungo, wenzangu walisema, "Wacha yeye atushonee, tuokoe pesa za fundi." Nikakubali mara moja. Kichwa kilikuwa kimenivimba, sitaficha.

Nilikuwa na blauzi ya mtumba ya satini iliyoanguka vizuri sana shingoni. Niliifumua mishono yote kwa wembe, nikavilaza vipande juu ya magazeti yaliyogundishwa kwa uji wa ngano, nikavizungushia kalamu. Pateni ikapatikana! Vitenge vilinunuliwa yadi 15, yaani vipande viwili vya yadi 6 na nusu kipande ya yadi 3. Hesabu ya mwalimu mlezi ilikuwa yadi moja na robo kwa kila msichana. Mimi nilipopanga pateni juu ya kitambaa nikaona kwamba nikiilaza wima, sambamba na ukingo, kila blauzi itanitosha kwa yadi moja tu, na zitabaki yadi 3 za kushona vitambaa vya kichwa. Lo! Nilijiona mchumi kuliko mwalimu. Nikakata blauzi 6 kwa mpigo mmoja, kabla hata ya kushona moja nikaijaribu.

Ile ya kwanza nilipoivaa mbele ya kioo cha Mama Fundi, shingo haikuanguka. Ilisimama. Ilijitokeza mbele kama mdomo wa mtungi, hata mdogo wangu akauliza kama humo ndimo nitakamotia uji. Mama Fundi hakucheka. Aliacha cherehani yake akaja akashika ile shingo kwa vidole viwili.

"Wee mtoto, kitambaa ulikilaza vipi?"

"Nilikilaza sawa, Mama. Nilifuata ukingo ili kisiharibike."

"Na ile satini yako, ilikuwa imelazwa vipi?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimetazama. Akaniletea kipande cha ile blauzi ya mtumba akanipeleka mlangoni kwenye mwangaza, na hapo nikaona nyuzi zake zikipita kwa mshazari kutoka begani kwenda kiunoni, wala si wima. Nilikuwa nimenakili umbo la kipande nikaacha kunakili uelekeo wa nyuzi. Tena, hata kama ningeunakili, bado kitenge kipya kisingekubali kufanya alichofanya satini. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, na nitayaeleza moja baada ya jingine.

Nianze na nyuzi. Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za aina mbili. Zile zinazokwenda kwa urefu, sambamba na ukingo, huitwa mtande, na zile zinazokatiza kwa upana huitwa mshindio. Chukua sasa hivi kitambaa chako cha mkono, ukivute kwa kufuata mtande: hakinyooki sana. Kivute kwa kufuata mshindio: kitanyooka kidogo tu. Haya, sasa kishike kwa pembe mbili zinazotazamana ukivute. Umeona? Kinarefuka na kuwa chembamba, kisha ukikiachilia kinarudi. Sababu ni kwamba unapovuta pembe kwa pembe huuvuti uzi wowote moja kwa moja. Vile vimraba vidogo ambavyo nyuzi zimevifanya vinalala upande vikawa kama almasi. Kukata kitambaa kwa uelekeo huo, yaani kwa nyuzi 45 kutoka kwenye ukingo, mafundi wa zamani hukuita kukata hanamu, na Mama Fundi halitumii neno jingine.

Nguo iliyokatwa hanamu huinama na kuteremka kwa uzito wake yenyewe, kwa maana hakuna uzi uliosimama wima kama mlingoti kuizuia. Iliyokatwa wima ina milingoti mingi. Ndiyo maana shati la sare hukatwa wima. Nani anataka shati la sare literemke?

Ujuzi huu una watu wake mashuhuri. Mwanamke Mfaransa aitwaye Madeleine Vionnet, aliyezaliwa mwaka wa 1876 na kufariki mwaka wa 1975, alifungua nyumba yake ya mitindo mjini Paris mwaka wa 1912, akaifunga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akairudia tena, na kuifunga kabisa mwaka wa 1939. Sifa yake kubwa ilikuwa ni kukata nguo nzima hanamu. Hakuanza na karatasi. Alikuwa na mwanasesere mdogo wa mbao, akimvika vitambaa na kuvibana kwa pini mpaka aone vinaangukaje, ndipo aipeleke kazi kwenye kipimo cha mtu. Alipenda sana krepu ya hariri, na aliwaagiza watengenezaji wamfumie vitambaa vipana kuliko kawaida. Sababu ya upana huo niliijua nilipokata hanamu kwa mara yangu ya kwanza: pateni ikilazwa mshazari, pembe nne za kitambaa hubaki bure. Hizo ndizo yadi zangu 3 za vitambaa vya kichwa nilizodhani nimeziokoa.

Sasa tuje kwenye kuchora. Huanza na pateni ya msingi, yaani nusu ya mbele ya blauzi ya kawaida inayomkaa mtu vizuri, kuanzia begani hadi kiunoni. Kama ina dati ya kifuani, yaani ule mkunjo wenye ncha unaoipa nguo umbo la kifua, ifunge kwa gundi, kwa sababu nafasi yake itahamia kwenye mikunjo ya shingo. Kisha chora mistari mitatu inayoanzia mstari wa katikati ya kifua na kupanda kwa kujipinda, miwili ikiishia begani na mmoja kwenye tundu la mkono. Kata mistari hiyo kwa mkasi kutoka katikati, lakini usiimalize. Acha kama milimita mbili upande wa bega ili vipande visiachane. Sasa ukiweka karatasi yako juu ya gazeti jipya utaweza kuifungua kama kipepeo cha mkono. Kila ufa utakaoufungua ndio utakaozaa mkunjo mmoja. Mikunjo haitokei kwa bahati, msomaji. Umeichora wewe mwenyewe pale kwenye gazeti.

Kwenye gazeti hilo jipya uwe umechora mstari mrefu ulionyooka, huo ndio katikati ya kifua. Sehemu ya chini ya pateni ikae juu ya mstari huo. Sehemu ya juu ifungue mpaka ncha ya bega, pale shingo inapoanzia, ifike umbali unaoutaka kutoka kwenye mstari. Halafu chukua rula ya pembe mraba, mkono mmoja ulale kwenye mstari wa katikati na mwingine uguse ile ncha ya bega. Hapo chora. Pembe hiyo ni lazima iwe ya nyuzi 90 kamili, ama sivyo ukikunjua kitambaa utapata ncha katikati ya shingo kama mdomo wa ndege. Mwisho, kunja gazeti kwenye mstari huo mpya uongeze sentimita 8 za kuingia ndani, ukifuata umbo la bega. Kipande hicho kisikatwe mbali na kushonewa, bali kiendelee na blauzi yenyewe, kwa sababu mshono hapo ungeukaza ukingo usiweze kuinama.

"Umbali unaoutaka" ni upi? Hapa ndipo nilipogundua kwamba Pythagoras hakuishia katika darasa la hisabati. Chukulia kwamba ncha mbili za mabega ziko umbali wa sentimita 20, kama tulivyofanya sisi, kwa hiyo kutoka ncha moja hadi katikati ni sentimita 10. Ule mstari uliouchora kwa rula ni nusu ya ukingo wa shingo. Ukining'inia unakuwa upande mrefu wa pembetatu. Sentimita 10 ni upande wa pili, na kina cha shingo ni upande wa tatu. Ukingo nusu ukiwa sentimita 10, shingo haina kina chochote, imenyooka kama uzi wa kuanikia nguo. Ukiwa 11, kina ni 4.6. Ukiwa 12 ni 6.6, ukiwa 13 ni 8.3, ukiwa 15 ni 11.2, na ukiwa 18 ni karibu 15. Tazama ajabu hiyo! Sentimita moja ya kwanza inashusha shingo kwa zaidi ya sentimita 4, ilhali kutoka 12 hadi 13 haizidi 2. Ndiyo sababu fundi asiyepima anaweza kupotoka kidogo tu penye shingo fupi, na mteja akarudi akilalamika kwamba kifua kiko nje.

Mwalimu wa hisabati asinicheke, najua kwamba kitambaa hakining'inii kama herufi V. Hupinda kama mnyororo uliofungwa kwenye milingoti miwili, kwa hiyo kina halisi hupungua kidogo. Kwa upande mwingine ukingo wa hanamu hunyooka ukivaliwa. Mimi huichukua hesabu kama makadirio, halafu naijaribu nguo.

Na kuijaribu si kwa kitambaa chochote. Watu hujaribu pateni kwa marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ambayo jina lake limebaki tangu karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakiileta Zanzibar kutoka Marekani. Marekani ni nzuri kwa koti. Kwa shingo ya kulegea inadanganya, kwa kuwa ni ngumu kuliko satini na ina mtindo wake wa kuanguka. Afadhali shuka kuukuu au leso iliyofuliwa mara nyingi, ilimradi ugumu wake ukaribiane na ule wa kitambaa utakachotumia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kosa la pili. Kila kitambaa kina ugumu wake wa kujikunja. Katika maabara za nguo hukata duara la kitambaa lenye kipenyo cha sentimita 30, wakalilaza juu ya kisahani cha sentimita 18, halafu wakapima kivuli cha kile kilichoning'inia. Kitambaa kigumu hutoa kivuli kikubwa, kwa kuwa hakikubali kushuka. Kilaini hutoa kivuli kidogo chenye mawimbi mengi. Mama Fundi hana maabara. Yeye huweka mkebe wa mafuta ya kupikia mezani, akautandika kitambaa, akainama kukitazama. Satini ilishuka karibu wima na kufanya mawimbi tele. Kitenge kipya kilifanya mawimbi manne makubwa, kikabaki kimetanuka kama mwavuli.

Fikiria sasa shingo yangu. Nilikuwa nimeipa ukingo nusu wa sentimita 18, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa satini. Ukingo mzima ni 36, na nafasi kati ya mabega ni 20. Urefu huo wa sentimita 16 uliozidi ni lazima uende mahali. Katika satini ulikwenda chini. Kitenge kilikataa kujikunja, kwa hiyo ukaenda mbele.

Kwa kitenge, dawa ya kwanza ni maji. Kikiwa kipya dukani huwa kimetiwa wanga na dawa za kukipa mng'aro. Kiloweke, ukifue, ukianike, ukipige pasi kabla ya kukata. Kitalainika, na kitarudi pia, yaani kitapungua; chetu kilipungua kama sentimita 3 kwa kila yadi. Ukikata kabla ya kufua, blauzi ndiyo itakayopungua na mtu yumo ndani. Dawa ya pili ni hanamu. Ya tatu ni kutokitaka kifanye makubwa: ukingo nusu wa 12 au 13, na nyufa mbili badala ya tatu. Utapata mkunjo mmoja mpana au miwili, nao hupendeza kwa namna yake.

Leso ni pamba nyepesi kuliko kitenge, nayo huanguka vizuri ikishafuliwa. Taabu yake ni nyingine. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina. Ukiikata hanamu, pindo linakwenda mshazari na jina linakatika katikati ya neno, likabaki nusu begani na nusu kwapani. Mimi nisingeikata. Leso ilibuniwa ivaliwe nzima, na mama zetu huifunga ikaanguka vizuri bila mkasi wala pateni.

Shifoni ni nyepesi mno hata uzito wake hautoshi kuivuta chini. Upepo kidogo tu shingo inapaa. Mama Fundi huishona maradufu, au hushonea kijiwe kidogo bapa ndani ya ule mkunjo wa kuingia, katikati ya shingo, kiivute. Huiteleza pia mezani kama kambare, kwa hiyo huibana kwa pini juu ya gazeti na kukata vyote pamoja. Satini ninaijua kwa ubaya mmoja: ukiitoboa kwa pini alama haitoki, basi pini ziwekwe ndani ya nafasi ya mshono tu.

Jezi, kile kitambaa cha fulana, hakikufumwa kwa mtande na mshindio bali kwa vitanzi kama sweta. Huanguka na kunyumbuka bila hanamu, kwa hivyo hulazwa wima na hakili kitambaa kingi. Uelekeo unaonyumbuka zaidi ndio uuzunguke mwili, pateni ipunguzwe upana kidogo, na sindano iwe ya ncha butu isije ikakata vitanzi. Laiti tungenunua jezi! Lakini nani angekwenda kukariri shairi la Kiswahili kwa fulana?

Blauzi 12 zilipatikana vipi basi? Zilizobaki ni yadi 9 za kitenge na siku 8. Zile yadi 9 tulizifua siku hiyohiyo jioni, wenzangu wanne wakija nyumbani kusaidia kukamua. Nikachora pateni upya, ukingo nusu wa 13, nikaikata hanamu mbele tu. Mgongo nikaulaza wima. Kila mbele ilikula karibu mita nzima. Blauzi ya sita ilipokatwa kilibaki kitambaa cha ukubwa wa sahani. Nilipozishona nilizitundika usiku kucha kabla ya kupinda pindo, kwani hanamu huendelea kuteremka, na asubuhi moja ilikuwa imerefuka upande kwa vidole viwili.

Zile sita zilizoharibika Mama Fundi hakuniruhusu nizitupe. Alikata ile sehemu ya kuingia ndani, akaniambia nikunje ziada ya sentimita 16 iwe marinda 8 ya sentimita mbili mbili, manne kila upande. Nikayapiga pasi, tukachonga shingo ya duara, tukaizungushia upapi wa hanamu uliotoka kwenye vipande vya pembeni. Kumbe ugumu uleule uliokataa kuanguka ndio ulioyafanya marinda yasimame yamenyooka kama mistari ya daftari. Msichana mmoja wa safu ya mbele alisema anazipenda zaidi hizo. Safu ya mbele ikavaa marinda, ya nyuma ikavaa shingo ya kulegea, na mwamuzi alifikiri tulipanga hivyo tangu mwanzo. Tulikuwa wa tatu. Shairi letu lilikuwa na kasoro zake ambazo hazihusu cherehani.

Vitambaa vya kichwa, kama mjuavyo, havikupatikana.

Pateni zote mbili zimo katika kabati la chama, zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Ile ya satini nimeiandikia "18, hanamu, satini au krepu tu." Ile nyingine nimeiandikia "13, hanamu, mita moja kwa mbele, FUA KWANZA," na nimechora mshale mkubwa mwekundu kuonyesha uelekeo wa mtande. Anayeitaka amwombe katibu ufunguo.